VAZI LA WATU NI DENI: MZEE KENYATTA NA MSHIPI WA NAROK

Ukitaka kuyaona mavazi ya makabila ya Kenya bila ya kuzunguka nchi nzima, nenda Nakuru siku ya sikukuu ya taifa. Utamwona Mmasai kajitanda shuka nyekundu ya miraba. Utamwona mzee wa Kikalenjin kavaa joho la manyoya ya kima waliitalo sambut. Utamwona Mjaluo na kofia yake ya shanga. Na hata sisi watu wa pwani hatukosekani na kanzu zetu. Reli ilifika hapo mwaka 1900, na tangu siku hizo mpaka ulipotangazwa kuwa jiji mwezi wa Desemba 2021, Nakuru umekuwa mji wa waliokuja kutoka kwingine.

Na ukitazama vizuri utaona jambo la pili: wengi waliovaa, wamevaa yasiyo yao. Mwanasiasa wa kabila hili kavikwa joho la kabila lile. Mwimbaji wa kwaya kajipamba shanga za Kimasai naye hajui hata kusalimu kwa Kimasai. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo nimelisikia mara nyingi barazani: je, ni adabu mtu kuvaa vazi la watu wasio wake? Na kama ni adabu, masharti yake ni yapi?

Swali hili si letu peke yetu. Waskoti, walio kaskazini ya kisiwa cha Uingereza, wana kitambaa cha sufu kiitwacho tartani, cha mistari ya rangi inayokatana, na koo zao zina kila mmoja mpango wake wa rangi. Wanaume hukivaa kiunoni mpaka magotini. Mwaka 1746, baada ya watu wa milimani kushindwa vitani, serikali ya London ilipiga marufuku mavazi yao, na marufuku hayo hayakuondolewa mpaka mwaka 1782. Kisha mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh alivaa tartani yeye mwenyewe, na nguo iliyokuwa hatia ikageuka kuwa fahari. Leo hakuna sheria inayomkataza mtu tartani ya ukoo usio wake. Ile ya Balmoral tu ni ya jamaa ya kifalme, na desturi ni kwamba haivaliwi ila kwa idhini. Lakini adabu ipo: vaa ya ukoo wa baba yako, au wa mama yako, au ile isiyo ya ukoo wowote, na ukivaa ya wengine, usijidai kuwa wewe ni wa damu yao.

Sisi wa pwani hatushangai. Kwetu nguo ilikuwa ni cheo kabla ya kuwa ni sitara. Zamani za usultani wa Unguja mtumwa hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu, na utumwa ulipoondolewa katika sheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa walikimbilia kanzu na kofia kama mtu akimbiliavyo hati ya uhuru wake. Na mpaka leo huko Oman kilemba cha jamaa ya Al Busaidi kina mtindo wake, wala mtu wa mtaani hajifungii tu kwa sababu kimempendeza.

Basi katika Kenya siyajui maisha yanayolifunza jambo hili kuliko ya hayati Mzee Jomo Kenyatta. Yeye na Nakuru wanafanana kwa jambo moja: wote wawili majina yao yametoka kwa Wamasai. Nakuru ni neno la Kimasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Na Kenyatta limetokana na mshipi wa shanga wa Kimasai.

KIJANA WA MISHENI

Alizaliwa katika miaka ya 1890 huko Ngenda, upande wa Gatundu, akaitwa Kamau. Baba yake, Muigai, alifariki angali mdogo, akalelewa na ami yake Ngengi. Babu yake, Kungu wa Magana, alikuwa mganga, naye Kamau alimfuata akimbebea mikoba yake ya dawa. Mwezi wa Novemba 1909 alijiunga na misheni ya Kanisa la Uskoti. Mahali hapo huitwa Thogoto hata leo, na jina hilo si jingine ila ni neno Scot likitamkwa kwa ulimi wa Kikuyu.

Hapo Thogoto alijifunza kusoma, kuandika na useremala, akavua vazi la nyumbani akavaa kaptura na shati. Nafikiri ni jambo la kutazamwa hili, kwamba waliomvisha nguo mpya walitoka katika nchi ambayo nguo zake zenyewe ziliwahi kukatazwa kwa sheria. Mwezi wa Agosti 1914 alibatizwa, akaitwa Johnstone Kamau. Hilo lilikuwa jina lake la kwanza la kuvikwa, wala halikudumu.

MSHIPI WA NAROK

Mwezi huo huo wa Agosti vita vya Ulaya vilizuka, vikafika mpaka kwetu. Serikali ilihitaji wapagazi wa kuwabebea askari mizigo kuingia Tanganyika, na vijana wakakamatwa vijijini kwa nguvu. Jeshi hilo la wapagazi ndilo lililoacha jina la Kariakoo mijini mwetu, na maelfu kwa maelfu hawakurudi. Kamau hakungoja zamu yake. Mwaka 1917 alikwenda Narok kukaa kwa Wamasai, akapata kazi ya ukarani kwa mkandarasi wa Kihindi.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwani bila ya kujua hali ya wenyeji hao hatutajua uzito wa mshipi. Wamasai aliowakuta Narok hawakuwa wote wa Narok. Mwaka 1904, kwa mkataba na serikali ya Kiingereza, Wamasai waliondolewa katika malisho yao ya Naivasha, Elementeita na Nakuru ili walowezi wa Kizungu wapewe. Wengi walipelekwa Laikipia na kuahidiwa kwamba huko hawatasumbuliwa tena. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukawatoa Laikipia pia, wakaswagwa na ng'ombe wao kwenda kusini. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi ikatupwa. Kwa hivyo Kamau alipofika Narok, kufukuzwa huko kulikuwa habari ya miaka minne tu. Watu waliomstiri ni watu waliokuwa wamevuliwa nchi yao.

Tangu siku za huko akapenda kuvaa mshipi wa ngozi uliopambwa kwa shanga, ambao Wakikuyu huuita kinyata. Aliporudi Nairobi alirudi nao kiunoni. Mwaka 1922 aliajiriwa na baraza la mji katika idara ya maji, akawa anazunguka kusoma mita kwa pikipiki, suti mwilini na mshipi wa shanga kiunoni. Huko Dagoretti alifungua duka lililoitwa Kinyata. Taratibu watu wakaacha kumwita Johnstone Kamau wakamwita kwa mshipi wake, na baadaye jina likaandikwa Kenyatta. Sisi Waswahili tulipenda kuligawa mara mbili, tukasema ni taa ya Kenya. Ni mchezo mzuri wa maneno, nami mtu wa mashairi siwezi kuuchukia, lakini mshipi ndio ulioanza.

Je, alikosa adabu? Kwa maoni yangu hapana. Hakuuona dirishani akaupenda. Aliishi na wenyewe, akala chakula chao, akauvaa kama wanavyouvaa, wala hakudai kwamba amezaliwa Mmasai. Lakini kupokea hivyo si bure. Nguo ya kununua bei yake huisha dukani. Nguo ya ukarimu bei yake huja baadaye.

NGOZI ZA UINGEREZA

Mwaka 1928 alikuwa katibu mkuu wa chama cha Wakikuyu, Kikuyu Central Association, na mhariri wa gazeti lao la Muigwithania. Mwaka uliofuata chama kilimtuma London kudai haki ya ardhi. Alirudi mwaka 1930, na mwaka 1931 akaenda tena, akakaa miaka kumi na mitano.

Huko Ulaya alivaa ngozi mara mbili, na mara mbili hizo hazilingani. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1934, fedha zilipomwishia. Alipata kibarua cha kuigiza katika filamu ya Sanders of the River, pamoja na mwimbaji Mmarekani Paul Robeson. Waafrika waliokuwa Uingereza, wa nchi mbalimbali, walivishwa manyoya na kupewa mikuki ili wawe kabila moja ambalo halikuwahi kuwako, nayo filamu yenyewe ilisifu utawala wa Kiingereza. Robeson alikuja kuijutia. Hapo ndipo unapoona vazi likivuliwa watu wake na kubaki manyoya tu.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 1938. Kenyatta alikuwa amesoma elimu ya mila za watu chini ya Profesa Malinowski katika chuo cha London School of Economics, na maandishi yake yakatoka kitabu, Facing Mount Kenya. Kitabuni mlikuwa na picha yake amejitanda joho la manyoya, anajaribu ncha ya mkuki kwa kidole, na jina lililoandikwa lilikuwa Jomo Kenyatta, si Johnstone tena. Wako waliosema kuwa hiyo nayo ilikuwa filamu. Mimi naona tofauti. Katika filamu alivishwa na mwingine ili aoneshe ushenzi. Katika kitabu alijivika mwenyewe ili aoneshe kwamba watu wake walikuwa na sheria, ndoa, ardhi na ibada zao kabla ya Mzungu. Ngozi ni ngozi, lakini aliyekuvika na alichokuvikia ndivyo vinavyoifanya heshima au fedheha.

KOFIA YA SHANGA

Alirudi nyumbani kwa kupitia bandari ya Mombasa mwezi wa Septemba 1946, na mwaka 1947 akachaguliwa rais wa chama cha KAU. Tarehe 20 Oktoba 1952 alikamatwa, akahukumiwa Kapenguria mwaka uliofuata kifungo cha miaka saba. Alikaa Lokitaung, kisha Lodwar, kisha Maralal, nchi kavu za kaskazini, mpaka alipoachiliwa mwezi wa Agosti 1961.

Katika miaka hiyo kumtaja kwa wema kulikuwa hatari. Aliyethubutu alikuwa Mjaluo, Jaramogi Oginga Odinga, ambaye mwezi wa Juni 1958 alisimama ndani ya Baraza la Kutunga Sheria akasema wazi kwamba Kenyatta na wenzake ndio viongozi wa kweli wa nchi. Wazungu walighadhibika, na hata baadhi ya Waafrika wenzake waliogopa. Lakini neno lilikwisha toka.

Ndiyo maana picha za miaka ya Uhuru zina maana zaidi ya mapambo. Utamwona Mzee ameshika usinga mkononi, na kichwani amevaa kofia ya shanga ya Wajaluo, iitwayo kwao ogut tigo. Mkikuyu aliyebeba jina la mshipi wa Kimasai, na juu yake kofia ya Kijaluo. Kwa wengi waliotazama, hilo lilikuwa tangazo: kwamba Serikali itakuwa ya wote.

NAKURU, 1963

Siku ambayo tangazo hilo lilitiwa kwenye mizani ilikuwa tarehe 12 Agosti 1963, katika ukumbi wa mji wa Nakuru. Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu tangu Juni mosi. Mbele yake walikaa mamia ya walowezi wa Kizungu wa Bonde la Ufa, Lord Delamere akiwa miongoni mwao. Wengi walikuwa wamefunga mizigo mioyoni, na wengine nyumbani hasa. Kenyatta aliwaambia kwamba pande zote mbili zimekoseana, kwamba yeye aliyefungwa amesamehe, na kwamba aliye tayari kulima na kuwa raia mwema abaki. Walioingia wakinuna walitoka wakipiga makofi na kuitikia Harambee.

Nimepita mbele ya ukumbi huo mara nyingi, na kila mara huwaza juu ya wale ambao hawakualikwa. Walowezi waliambiwa kwamba mashamba yao yamesalimika. Wamasai, wenye jina la mji, hawakuambiwa lolote. Mwaka uliotangulia, katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, wajumbe wa Kimasai walikuwa wameomba kwamba Mwingereza akiondoka, ardhi aliyoichukua kwa mikataba ya 1904 na 1911 irudi kwao. Ombi halikukubaliwa. Baada ya Uhuru mashamba ya Nakuru na Naivasha yaliuzwa kwa atakaye kuuza na awezaye kununua, na katika walionunua, wengi walikuwa Wakikuyu, wenye vyama vya ununuzi na wenye vyeo. Mwaka 1969 mbunge Jean-Marie Seroney alitoa Azimio la Nandi Hills kudai haki ya wenyeji wa upande wake, na mwaka 1975 akatiwa kizuizini kwa mambo mengine aliyoyasema bungeni.

Kwa haki lazima niseme la upande wa pili. Wakikuyu wengi walioingia Bonde la Ufa hawakuwa wakubwa. Walikuwa vibarua waliozaliwa katika mashamba ya Wazungu, wasio na shamba Kiambu wala Nyeri, na walichangishana senti kwa senti. Lakini mwenye kudai kwa haki na mwenye kununua kwa haki wakikutana juu ya ekari moja, kiongozi ndiye anayetakiwa kuamua, na kiongozi alinyamaza.

Mzee aliipenda Nakuru. Ikulu yake ya huko ilikuwa mojawapo ya makao aliyoyapendelea, na jioni vikundi vya ngoma na kwaya za shule vilikuja kutumbuiza, kila kabila na vazi lake. Alitazama, akacheka, na mara nyingine akainuka kucheza nao. Hakuna aliyewahi kuonesha furaha kubwa zaidi kwa mavazi ya watu wake. Ndipo lilipo jambo la kusikitisha: mavazi yote yaliingia Ikulu, lakini malalamiko ya waliovaa yalibaki langoni.

KISUMU, 1969

Na kofia je? Urafiki na Odinga haukufika mbali. Mwezi wa Aprili 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, akaunda chama cha KPU. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya aliuawa Nairobi, na Wajaluo wakaingiwa na uchungu usio na kifani. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali. Watu walimzomea, maneno makali yakapita baina yake na Odinga mbele ya umati, na msafara ulipokuwa ukiondoka askari walifyatua risasi. Waliokufa walikuwemo watoto. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Odinga akatiwa kizuizini.

Mtu akiniuliza ni wapi Kenyatta alipokosa adabu ya vazi, sitamwonesha picha ya kofia. Nitamwonesha siku hiyo. Kofia ya mtu inapokaa kichwani pako, kichwa chake nacho kimekuwa amana yako.

ADABU YENYEWE

Mzee alifariki Mombasa, alfajiri ya tarehe 22 Agosti 1978. Nilikuwa mtoto wa chuoni wakati huo, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa umepita nusu. Mwalimu alifunga msahafu, akatuambia twende nyumbani kwa adabu tusipige kelele njiani. Mama zetu walitoka barazani na kanga za msiba, mavazi yetu sisi, kumlilia mtu wa bara. Hakuna aliyewaagiza. Mwili ulipelekwa Nairobi, ukazikwa penye majengo ya Bunge.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wazee wetu walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi katika maisha haya nimejifunza masharti matatu ya kuiazima.

La kwanza, upewe au uipate kwa wenyewe, ukae nao, uwajue. Hapo Kenyatta alifaulu kuliko wengi wa leo, wanaovikwa joho jukwaani asubuhi na kulisahau garini jioni. Joho la namna hiyo sisi pwani tuna jina lake: kilemba cha ukoka. Na si wanasiasa peke yao. Mwaka 2012 hata nyumba ya mitindo ya Louis Vuitton ilitoa nguo zilizofanana na shuka za Kimasai, na wazee wa Kimasai wakainuka kuuliza kwa nini jina na vazi lao viuzwe duniani nao hawashirikishwi.

La pili, usijidai kuwa wewe ndiye mwenyewe, wala usimfanye mwenyewe mchezo, kama walivyofanya watu wa filamu.

La tatu ndilo zito: ukishalivaa, shida ya wenyewe ni shida yako. Hapa ndipo Mzee alipobaki na deni. Alivaa jina la Wamasai zaidi ya miaka hamsini, na malisho yao ya Nakuru hakuyarudisha wala hakuyafidia. Alivaa kofia ya Wajaluo, na Kisumu ikazika watoto.

Hesabu hiyo wengine wameilipa. Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi, watu wa Nakuru waliwindana mtaa kwa mtaa kwa sababu ya kabila, na siku hizo mshipi wa jirani haukumwokoa mtu. Mwezi wa Agosti 2012 wazee wa Kikalenjin na wa Kikuyu wa Nakuru walitia saini mapatano ya amani, baada ya mazungumzo ya zaidi ya mwaka mmoja. Mimi nayapa mapatano hayo thamani kuliko majoho yote ya jukwaani, maana ndani yake walizungumza habari ya ardhi, ya woga na ya damu, mambo ambayo vazi peke yake haliyatibu.

Basi kijana wa Nakuru anayetaka kuvaa shuka ya Mmasai siku ya harusi yake, simkatazi. Na amwendee mzee wa Kimasai amuulize inavyofungwa. Kisha, wakiwa wamekaa, amuulize pia babu yake alichunga wapi.